Mlimani tulale wapi? Jibu kwa kijana wa Nguba

Swali: "Mzee, salamu. Sisi ni vijana tisa wa kwaya moja hapa Nguba, Bukavu. Tumezoea kupanda vilima asubuhi na kurudi jioni. Sasa tunataka kulala huko usiku mmoja au miwili, porini kabisa, si hotelini wala paroki. Kaka yangu yuko Marekani, North Carolina. Anasema kule mtu anaegesha gari, anaingia msituni na kupiga hema popote bila kulipa. Huku kwetu mahali kama hapo tutapapata wapi? Kuna ramani?"

Kaka yako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya hadithi. Nianze na ile nusu aliyoiacha, maana ndiyo itakayotusaidia hata huku.

Misitu anayoisema ni ya serikali kuu ya Marekani. Idara inayoitunza iliundwa mwaka 1905, na leo ina ardhi ya hekta zipatazo milioni 78, sawa na theluthi ya Kongo yetu nzima. Katika sehemu kubwa ya misitu hiyo mtu anaruhusiwa kulala nje ya kambi za kulipia: hakuna choo, hakuna bomba, hakuna meza, hakuna wa kumwita usiku. Lakini hiyo "popote" ina masharti yake. Misitu mingi humpa mtu siku 14 mahali pamoja, kisha ahame. Huombwa akae kama mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Katika msitu wa Pisgah, huko huko North Carolina, anayetaka kulala mahali pasipowekwa alama ya kambi hutakiwa aache barabara nyuma yake kwa mita 300 hivi. Zipo ramani za bure zinazoonyesha barabara ambazo magari yanaruhusiwa, na wazoefu huzifuata hadi mwisho, kisha wakatafuta kwa miguu mahali ambapo wengine walishalala: majani yaliyokanyagwa zamani, mduara wa mawe wenye jivu la kale. Hulala papo hapo ili wasichakaze pengine. Na kabla ya kutoka nyumbani, mwenye akili hupigia simu ofisi ya msitu kuuliza kama njia imefungwa au moto umekatazwa.

Umeona? Hata kule wanaanza kwa mwenye ardhi. Ila mwenye ardhi wao ni mmoja, na ana simu mezani.

Kwetu mwenye ardhi ni nani? Sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Nendeni mkawaambie hivyo watu wa Kabare au Walungu, kisha mniletee majibu. Kila mteremko unaouona ukitoka Bukavu una mtu wake. Kuna mwenye kalinzi, ambaye babu yake alitoa ng'ombe akapewa ardhi ya kurithisha. Kuna mwenye bwasa, aliyeazimwa kipande kwa misimu michache na anakilinda kuliko hata mwenye kalinzi, maana anajua kinaweza kuchukuliwa. Kuna mashamba makubwa ya chai yaliyotelekezwa, geti limefungwa na ndani watu wanalima mihogo. Kuna paroki, kuna hifadhi. Pori lisilo na mwenyewe nimelitafuta miaka mingi, na kila nilipodhani nimelipata, saa kumi na mbili asubuhi ametokea mama mwenye jembe begani akaniuliza ninafanya nini kwake.

Kwa hiyo huku kambi hutafutwa kwa watu kwanza, ramani baadaye. Chagueni kilima mnachokipenda, mkipande mchana, wawili au watatu, bila mizigo, mkamtafute shefu wa kijiji. Msifike na mahema mgongoni. Mwenye hema mgongoni anaonekana ameshajiamulia, na shefu hapendi kuombwa ruhusa ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwambieni ninyi ni watoto wa nani, kanisa gani, mko wangapi, wasichana wangapi, mtalala usiku ngapi. Mpelekeeni sukari, chumvi, vipande vya sabuni. Wazee wengine wangefurahia dumu la kasiksi, ile pombe ya ndizi, lakini sijui kwaya yenu itasemaje ikiwaona mmelibeba. Yeye atawapeleka kwa mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye anayejua yale ambayo hayajaandikwa popote: chemchemi gani hukauka mwezi wa saba, ng'ombe hupita wapi, ni jirani yupi anayegombana naye kwa ajili ya mpaka. Huo mpaka muuogope kuliko nyoka. Mkilala juu yake, kesho mtaitwa mashahidi.

Swali moja mumwulize shefu mkiwa mmekaa, si mmesimama mlangoni: "Usiku hapa kukoje?" Akieleza kirefu, msikilizeni. Akitazama pembeni na kusema tu "hakuna shida", shukuruni mrudi nyumbani. Mnajua tunakoishi. Wenye bunduki huhama kutoka kilima hadi kilima, na tochi tisa zinazozunguka juu ya mlima usiku wa manane kila anayeziona atazitafsiri kwa namna yake. Sitakuandikia orodha ya vilima salama. Orodha ya leo kesho itakuwa uongo. Shefu akisita, lala uani kwake. Si utani: uani kwa shefu ni kambi nzuri kwa watu ambao hawajawahi kufunga kamba ya hema gizani.

Kuhusu Kahuzi-Biega nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua ndiko macho yenu yanakotazama. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970, ni urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mlima Kahuzi wenyewe una mita 3,308. Humo hakuna kulala kwa kujichagulia. Anayeingia hupitia ICCN, idara inayotunza hifadhi za taifa, pale Tshivanga, akaongozana na walinzi, akalala wanapomwonyesha, kama wakikubali alale. Akija kijana akasema anaijua njia ya nyuma, mwacheni aende nayo peke yake.

Haya, sasa tuseme mmepewa kilima. Mtalala sehemu gani ya kilima? Hapa ndipo watu hukosea, na mimi nilikosea kabla yenu.

Ilikuwa Novemba, juu ya Nyangezi. Nilikuwa na wanafunzi sita na tulifika tumechelewa, jua linazama. Chini ya mteremko tukaona uwanja mdogo, sawasawa kama meza, majani mafupi kana kwamba mtu ameyakata. Nikasema Mungu ametuandalia. Sikujiuliza kwa nini uwanja ule ulikuwa sawa namna ile, wala kwa nini kijia cha ng'ombe kilichoshuka kutoka juu kiliishia pale pale. Saa nane usiku mvua ilianza. Kwa muda wa dakika kumi hivi hema lilivumilia. Kisha nikasikia sauti, si ya mvua, bali kama ya mtu anayemwaga maharage kutoka kwenye gunia. Kilikuwa ni kile kijia. Kilikuwa kimegeuka mto, kinaleta mchanga na vijiwe, na uwanja wetu ndio lilikuwa bakuli lake. Sufuria ya maharage ya kesho niliiona kwa mwanga wa umeme ikiondoka taratibu, na mfuniko wake juu. Tulimaliza usiku tumesimama chini ya shitingi (turubai) moja, watu saba. Asubuhi mwenye shamba alipotukuta hakucheka. Aliuliza tu kwa nini hatukumwuliza.

Tangu siku ile ninalitazama kila shamba la mlimani kwa wazo moja: usiku, kila kitu huteremka. Mahali palipo sawa chini ya mteremko pamesawazishwa na kitu fulani, na kitu hicho hurudi. Watu wa Kalehe hawahitaji kufundishwa hili. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Bushushu na Nyamukubi iliteremka na mawe na magogo baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 400 wakafa. Zile zilikuwa nyumba, si mahema. Kwa hiyo msilale kwenye mdomo wa korongo, wala kando ya kijito hata kama Agosti kina maji ya kufika kwenye vifundo tu. Tazameni takataka zilizonasa kwenye matawi ya vichaka vya ukingoni: majani makavu, nyuzi za mfuko wa plastiki. Pale zilipo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho.

Baridi nayo huteremka. Hewa ikipoa huwa nzito, inashuka bondeni na kutuama. Ndiyo maana alfajiri ukungu umejaa mabonde na migongo ya vilima imebaki wazi. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi. Kila mita 100 mnazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo mita 2,500 itawapunguzia nyuzi sita kabla hata upepo haujaanza. Lakini saa kumi za usiku anayelala bondeni anaweza kutetemeka kuliko mwenzake aliyelala juu yake. Nimeliona hili mara nyingi kwenye vikundi viwili vilivyogombana mahali pa kulala: walioshuka kukimbia upepo ndio walioamka na umande ndani ya mahema.

Basi tupande kileleni? Hapana. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Vipimo vya satelaiti vimeliweka eneo letu nyuma tu ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kilele kitupu, au mti mmoja uliosimama peke yake, si mahali pa kulala tangu Septemba hadi Mei. Mtini mkubwa uliosimama peke yake kilimani una sababu nyingine ya kuepukwa: mara nyingi ni alama ya boma la zamani, na chini yake kuna watu waliolala zamani kuliko ninyi.

Kinachobaki ni bega. Kila mlima unalo: mahali ambapo mteremko unapumzika kidogo kabla ya kuendelea kushuka, chini ya kilele kwa mita 50 au 100, pembeni mwa mgongo, si kwenye mgongo wenyewe. Maji yanapita kushoto na kulia kwake, baridi inapita na kushuka zake, radi ina vitu virefu zaidi vya kupiga. Na hapa ndipo ramani uliyoiuliza inapofanya kazi. Pakua kwenye simu, ungali mjini, ramani yenye mistari ya mwinuko. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali, ikiachana, pametulia. Ukiona mistari imejikunja kama herufi V, angalia ncha yake: ikielekea juu ya mlima, hilo ni korongo, maji hupita hapo, ikielekea chini, huo ni mgongo. Tafuta pale ambapo mistari ya mgongo inaachana ghafla. Weka alama mabega matatu, kisha yafungue kwenye picha za satelaiti uone kama ni msitu, shamba la muhogo au paa la bati. Mawili kati ya matatu yatakuwa na mtu. Ndiyo maana uliweka matatu.

Mkifika, msifungue mizigo. Kwanza tazameni juu. Vilima vyetu vimejaa mikaratusi, na mkaratusi huangusha tawi zito hata siku isiyo na upepo. Kama chini yake kuna matawi makubwa yaliyokauka, jueni mengine yanasubiri zamu. Kisha tazameni chini kuona njia za siafu: mstari mweusi unaotembea, au ufa mwembamba uliosafishwa kwenye majani. Siafu wakiamua kupita hemani usiku, hakuna mjadala, mnahama ninyi. Halafu kila mmoja alale chini chali, palepale anapotaka kulala, macho yamefungwa, dakika mbili. Mgongo utaona mzizi na mwinamo ambao macho hayakuuona. Mimi huwa nalaza chupa ya maji iliyojaa nusu: kiputo cha hewa kikikimbilia upande mmoja, upande huo ndio wa kichwa.

Haya yote yanataka mwanga, na kwetu jua huzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Fikeni saa tisa. Mkichelewa mtachukua uwanja wa kwanza mtakaouona, kama mimi pale Nyangezi.

Sasa jambo la Goma. Najua watu wa kwaya. Mwaka huu mtalala huku kwetu Bushi, mwaka ujao mtapanda meli na mahema. Huko wazo langu la kuteremka linakuwa jambo la kufa na kupona. Magharibi ya mji, kuelekea Sake, kwenye mawe ya volkano karibu na ziwa, ardhi hutoa hewa ya ukaa kupitia nyufa. Wenyeji wanaiita mazuku. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa kwenye mashimo na vibonde kama maji yasiyoonekana. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku na alfajiri, upepo ukilala, hupanda. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbwa aliye miguuni pake ataanguka. Na aliyelala kwenye mkeka ana kimo cha mbwa. Huko Goma, kibonde kizuri kilichojikinga na upepo, kile ambacho kila mpiga kambi angekichagua, ndicho cha kuogopa zaidi. Ukiona mijusi, ndege au wadudu waliokufa chini pasipo sababu, usiiname kuwatazama. Ukimwona mtu ameanguka, usiingie kumwinua. Ita watu, kwa sababu mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyekwenda kumwokoa. Msijaribu kupima kwa mshumaa wala kiberiti. Ulizeni wenyeji mashimo yako wapi, kila mtoto wa Mugunga anajua, na mlale mahali palipoinuka penye upepo. Nyiragongo yenyewe, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, imo ndani ya hifadhi ya Virunga, na habari yake ni ile ile ya Kahuzi: hakuna njia ya nyuma.

Moto. Najua mnauwaza, maana wimbo bila moto haunogi. Lakini kuni mnazoziona chini ni za mtu. Mama wa kijiji kile anatembea mbali kuzitafuta, na ninyi mtachoma mzigo wake wa siku mbili kwa nyimbo nne. Bebeni makala, yaani mkaa, kutoka mjini na jiko lake, mbabula mmoja, au mnunue kuni kwa mwenye shamba, na mkoke moto pale alipozoea kuchoma majani yake. Juni hadi Agosti majani ni makavu na upepo wa mchana una nguvu. Hapo mbabula peke yake unatosha, na jivu limwagiwe maji hadi mkono uweze kulishika. Choo: shimo la kina cha kiganja kizima na vidole vyake, hatua 80 kutoka kwenye maji yoyote, lifunikwe. Huku kwetu chemchemi iliyo chini yenu ndiyo bomba la kijiji, na ugonjwa wa kipindupindu si hadithi ya vitabuni. Takataka mnarudi nazo Nguba.

Vyombo havinisumbui sana. Hema la bei rahisi lenye shitingi juu yake hushinda hema la gharama lililopigwa bondeni. Blanketi mbili kila mtu, kofia ya sufu, tochi, dumu la lita 20 kwa watu watano kama chemchemi iko mbali. Samaki wetu wadogo wa ziwani, sambaza, waliokaushwa, unga, chumvi.

Mkitaka nafasi ya kujaribu, mimi ningeanza Idjwi kabla ya milima ya bara. Ni kisiwa, hakina volkano yake, vilima vyake vinapandika, na mashefu wake hawachoki kupokea wageni wanaobisha hodi. Kusini mtakuwa kwa watu wa Ntambuka, kaskazini kwa watu wa Rubenga. Ulizeni mnaposhuka kwenye mtumbwi mko kwa nani, msije mkamsalimia mmoja kwa jina la mwingine.

Mtakapokuwa mmekwenda ile safari ya kwanza bila mizigo, nitumie picha. Usinitumie ya kikundi mnacheka. Simama mita mia moja juu ya mahali mlipopapenda, piga picha ukitazama chini, kisha shuka mahali penyewe upige nyingine ukitazama juu. Nitakuchorea maji yatapita wapi.